Nani Aliyehesabu Nyimbo Tulizozipenda?

Mlioko Mkwaja, Buyuni, Sakura na Kipumbwi, na nyinyi wa Pangani mjini mnaonisikiliza huku mnasubiri pantoni, karibuni barazani.

Tarehe 19 ya mwezi huu wa Agosti 2026 inatimia miaka 10 tangu alipotutoka mwimbaji wetu wa taarabu, Bi Shakila Saidi. Alifariki Mbagala, Dar es Salaam, lakini kitovu chake kilizikwa katika wilaya yetu hii ya Pangani, alikozaliwa mwaka 1947. Wenzangu hapa redioni wameniomba nifanye lile linalofanywa kila mahali kumbukumbu ya namna hii inapofika: niandae saa nzima ya nyimbo zilizopendwa kuliko zote, nizipange kuanzia ya 10 nikishuka hadi ya kwanza, katikati niweke tangazo la duka la simu na tangazo la mnunuzi wa ufuta, mambo yakaisha.

Nafasi ya kwanza hainisumbui. Kwa Bi Shakila ni ama Macho Yanacheka ama Kifo cha Mahaba, na ukiwauliza watu chini ya mwembe wowote wa pwani hii watagawanyika pande mbili na wataondoka wamenuniana. Mimi niko upande wa Kifo cha Mahaba, nalisema mapema ili mnijue. Shughuli inaanzia chini ya hapo. Nikifika wimbo wa 4, wa 5, wa 6, naona kwamba ninachokipanga si mapenzi ya watu. Ninapanga kile ambacho kanda yake ipo. Nyimbo alizoziimba Bi Shakila kwenye kumbi za Tanga akiwa msichana, watu wakasimama, wakamtunza noti mpaka zikamwagika sakafuni, nyingi hazina kanda, na zisizo na kanda haziwezi kupigwa, na zisizopigwa haziingii kwenye orodha. Basi leo, kabla ya kuimba sifa, nataka tuulizane kidogo: hizi nyimbo tunazoambiwa zilipendwa kuliko zote, nani alizihesabu?

Tuanze Tanga.

Taarabu tuliipokea kutoka Unguja, hilo halina ubishi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa huko mwaka 1905, na muziki wake ulitazama Misri: udi, kanuni, nai, fidla, wapigaji wamekaa kwenye viti, na wasikilizaji nao wamekaa kwa adabu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, ndiye aliyeuvuta muziki huo kuuleta kwa watu wa mitaa ya Ng'ambo, akaimba kwa Kiswahili mambo ya mitaani, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Sauti yake ikatembea pwani yote ndani ya gramafoni. Aliyemwandikia wasifu ni mtu wetu wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui. Mwanamuziki wa Unguja na mshairi wa Tanga: mambo haya tangu zamani yamekuwa yakivuka bahari bila kuomba ruhusa.

Lakini ilipofika miaka ya 1960, Tanga haikuridhika kupokea tu. Black Star Musical Club walichukua gitaa la umeme na gitaa la besi wakayaingiza kwenye taarabu. Mlio ukabadilika. Ule uzito wa fidla nyingi zikilia pamoja ukapungua, nafasi ikaachwa kwa sauti ya mwimbaji na kwa ngoma, na mahadhi yakakaribia chakacha na muziki wa dansi, kiasi kwamba hata aliyekuja kwa nia ya kukaa kwa adabu alijikuta mabega yanacheza yenyewe. Lucky Star wakafuata. Mtindo huo wa Tanga ukaenda Mombasa, ukashuka Dar es Salaam, ukaingia bara mpaka Burundi, na vikundi vingine vikauiga. Kwa maoni yangu, hakuna kilichotokea katika taarabu baada ya hapo, hadi kufikia mipasho ya miaka ya 1990 na vinanda vyake, ambacho mlango wake haukufunguliwa na gitaa lile la Tanga. Najua Waunguja wananisikia, mawimbi ya redio hayazuiliwi na maji. Waniandikie.

Kwa nini iwe Tanga? Jibu langu ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kwa kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, hapa hapa jirani na Pangani. Kutokana na miche ile 62 yakatokea mashamba yaliyofunika mkoa, na mashamba yakaita watu: Wanyamwezi, Wamakonde, Wamanyema, Warundi, watu wa kila lugha. Hata ranchi yetu ya Mkwaja, ile ya ng'ombe, ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili wafanyakazi wapate nyama. Ranchi yenyewe ilipambana na mbung'o na nagana kwa karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na leo ardhi yake iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, wanatembea tembo mahali walipokuwa wanaogeshwa ng'ombe.

Watu wale wote walipopokea mshahara walitaka kucheza. Bendi ya Jamhuri Jazz, ambayo wazee wa Tanga wanaijua vizuri, ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina lenyewe linakueleza nani waliokuwa wakicheza. Upande wa pili walikuwepo Atomic Jazz. Tanga nzima ilikuwa na Atomic na Jamhuri kama ilivyokuwa na Coastal Union na African Sports, huwezi kuwa wa kote kuwili. Mji ule haukuwa mkubwa, na mpiga gitaa wa taarabu hakuweza kulala bila kusikia gitaa la dansi la mtaa wa pili. Ndiyo mchanganyiko ulivyopatikana. Hakukuwa na mkutano wa kuuidhinisha.

Katika mji huo ndipo binti wa Pangani, Shakila, alipopata jina. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele. Kuna waimbaji wanaosukuma neno likufikie. Yeye alikuwa analiachia, halafu analivuta tena kabla hujalishika, na mwisho wa mstari anauacha ukining'inia kidogo, mpiga gitaa ndiye anayeupokea. Aliimba na Black Star, akaimba na Lucky Star, kisha akahamia Dar es Salaam kwenye taarabu ya Jeshi la Wananchi.

Kuhama huko kuna maelezo yake, wala si ya siri. Bei ya mkonge ilianguka pale dunia ilipoanza kufunga mizigo kwa kamba za plastiki. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967. Fedha ya Tanga ikapungua, na kumbi zikapungua nayo. Wakati huohuo Dar es Salaam majeshi na mashirika ya umma yalikuwa yanaunda bendi zao. Mwimbaji wa klabu ya Tanga anategemea kiingilio cha mlangoni na noti za kutunzwa. Mwimbaji wa bendi ya jeshi ana mshahara kila mwisho wa mwezi, vyombo si vyake lakini vipo, na gari la kwenda kwenye onesho lipo. Wewe ungechagua kipi?

Na kitu kingine kilichokuwa Dar es Salaam, ambacho ndicho kinachonihusu zaidi leo, ni studio ya redio.

Redio ya nchi hii ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na kufikia 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa muda wa miaka karibu 30 tangu hapo, RTD ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyokuwa mahali pa kurekodia kwa bendi nyingi. Kikundi kinapangiwa siku, kinasafiri, maneno ya nyimbo yanakaguliwa kwanza yasije yakawa na matusi au siasa isiyotakiwa, halafu mnapiga, kanda inazunguka. Wimbo ukipita unakaa maktaba. Ukikaa maktaba unapigwa mwaka huu, unapigwa mwaka ujao, unapigwa mpaka mtoto aliyezaliwa siku ulipotoka anaujua kwa moyo. Mwanamuziki hapati kitu cha maana kwa kila unapopigwa, lakini jina anapata. Sasa chukua kikundi cha taarabu cha Pangani, au cha Muheza, ambacho hakikupata nauli ya kwenda Dar es Salaam. Labda kilikuwa na mwimbaji anayemzidi kila mtu. Kilipendwa kila harusi kuanzia Mwera hadi Mkwaja. Leo hakimo popote.

Halafu kulikuwa na salamu. Nani hakumbuki? Mchana Mwema, Ugua Pole, majina yanasomwa kama mahudhurio ya shule, na mwisho unatajwa wimbo ulioombwa. Vipindi hivyo ndivyo vilivyokuwa upimaji wetu wa mapenzi ya watu: wimbo uliokuwa ukiombwa mara nyingi tuliuhesabu kuwa unapendwa na taifa. Lakini tujikumbushe namna ya kuomba. Unahitaji kadi ya salamu, unahitaji kalamu, unahitaji anayejua kuandika vizuri, kisha unahitaji posta. Kadi ya mtu wa Ilala inafika kesho yake. Kadi ya mtu wa Mkwaja ilibidi imngoje mwenye safari ya kwenda Pangani kwa barabara ile ya mchanga, na wakati wa masika barabara yenyewe inakatika, mwenye safari anaahirisha. Mwanamke anayekoka moto wa kukaangia samaki pale ufukweni aliupenda wimbo kama alivyoupenda karani wa Ilala, pengine zaidi, ila yeye hakuhesabiwa. Alisikiliza tu. Redio ya National, betri zimechoka, zimeanikwa juani zirudishe nguvu, na zikirudi zinatosha nyimbo tatu na taarifa ya habari.

Kwa hiyo nikisoma orodha ya nyimbo zilizopendwa kupita zote, namwona karani.

Tusiishie kwenye taarabu, maana jambo lenyewe linaonekana vizuri zaidi kwenye dansi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Nairobi. Huko ndiko walikozaa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, na Les Wanyika wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo ukiuweka kwenye sherehe yoyote kati ya Bukoba na Lamu, mzee mwenye fimbo anaiegemeza ukutani. Muulize kijana wa leo huo ni wimbo wa wapi. Atakwambia wa Kenya. Wala hakosei sana, kwa kuwa ulirekodiwa Kenya na santuri ikatengenezwa Kenya. Kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kinachofanya kazi, Nairobi walikuwa navyo, na muziki unahesabiwa kwa aliyeuchapa. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, santuri hizo zikawa adimu madukani kwa upande wetu, ingawa sote tunajua kwamba bahari haina geti.

Kaseti ndiyo iliyotuokoa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kaseti haijatendewa haki. Tanga mjini kulikuwa na vijiduka vya kurekodisha. Unakwenda na kaseti yako tupu, au yenye mahubiri ya mtu ambayo huyataki tena, na karatasi yenye nyimbo unazozitaka. Yule kijana wa dukani anatazama karatasi yako, anakutazama na wewe. Anasema wimbo huu ninao, huu sina, lakini ninao mwingine wa mwimbaji huyohuyo utaupenda. Unaacha kaseti, unarudi jioni. Kaseti inapanda basi, inashuka Pangani, inavuka mto, inafika Mkwaja, inaazimwa nyumba kwa nyumba, inanakiliwa tena kutoka redio moja kwenda nyingine kwa kuzielekeza spika zikitazamana, na ndani yake unamsikia jogoo na mtu anayeita mtoto akaoge. Nakala ya nakala ya nakala. Sauti ya Bi Shakila imekuwa nyembamba kama uzi, na bado nyumba inanyamaza.

Karatasi zile walizokwenda nazo watu vijidukani ndizo zilizokuwa orodha ya kweli. Kila moja iliandikwa na mtu aliyelipa fedha yake ili asikie nyimbo hizo na si nyingine. Hakuna aliyezihifadhi. Zilifungiwa karanga.

Shangazi yangu mmoja alikuwa na daftari. Vijana wa sasa hawajui, lakini wasichana wa wakati ule walikuwa wanaandika maneno ya nyimbo kwenye daftari la shule, wanaotesha na maua pembeni kwa kalamu nyekundu. Unasikiliza redio, unaandika ubeti mmoja, wimbo unakwisha, unangoja juma zima upigwe tena uandike ubeti wa pili. Daftari la shangazi nililisoma sana utotoni, na nyimbo za redioni zilikuwa kama nusu yake. Nusu nyingine zilikuwa za ngoma ya vugo, za unyago alizoruhusiwa kuziandika, na za mafumbo ya kutupiana wanawake kwa wanawake siku ya kumtoa bwana harusi. Zote zimeandikwa kwa mwandiko uleule, kwa mfuatano mmoja, wala hakutenga kuna za msanii maarufu na kuna za jirani. Kwake zilikuwa nyimbo anazozipenda. Na ukinibana sana niseme mwimbaji aliyependwa kuliko wote katika daftari lile, alikuwa ni mwanamke wa hapa hapa, muuza vitumbua, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa watoto wake wapo na hawajanipa idhini.

Jambo hili ni la zamani kuliko redio. Tuseme miaka 100 iliyopita mtu angeulizwa Tanga ngoma gani inapendwa, asingetaja taarabu hata kidogo. Angetaja beni. Vijana walivaa sare kama za askari na za manahodha, wakapeana vyeo vya ugavana na ukapteni, wakaandamana na tarumbeta na ngoma kubwa, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wakishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchambana. Ilianzia pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, ikateremka huku, na vita kuu ya kwanza ikaichukua pamoja na askari na wapagazi mpaka Kongo na Zambia. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 1975. Wanawake nao walikuwa na lelemama, vyama kwa vyama, sare kwa sare, na mashindano ambayo yaliwahi kufilisi nyumba. Hakuna muziki wa miaka hii ya karibuni uliowahi kuishika pwani nzima namna ile. Sasa nitajie wimbo mmoja wa beni. Mmoja tu. Umeona?

Tunaambiwa kwamba siku hizi mambo ni tofauti, kwamba mtandao unahesabu kila mtu. Simu ya mvuvi wa Kipumbwi na simu ya mhasibu wa Masaki zinaongeza mtazamaji mmoja mmoja kwenye video ileile. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini tazama kinachotokea namba zinapotoka. Ngoma ya Tanga iliyosambaa kwa kasi kuliko zote katika kizazi hiki ni baikoko. Ilitoka kwenye shughuli za wanawake na harusi za uswahilini, ikaingia kwenye diski, ikaingia mtandaoni, ikafika mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Tanga. Viongozi wa dini wameilaani, wa serikali wameilaani, hapa na pale ikazuiwa. Sina nia ya kuitetea mbele ya wazazi walio na mabinti sebuleni, na kuna video ambazo mimi mwenyewe sizitazami. Ila naona hivi: siku tutakapoadhimisha utamaduni wa Tanga kwa hotuba na keki, namba zitakazosomwa hazitakuwa na baikoko ndani yake. Mtandao utakuwa umehesabu, na sisi tutakuwa tumefuta. Kumbe hata mashine ikimhesabu kila mtu, bado yupo anayeshika orodha.

Wagosi wa Kaya walilielewa hili mapema. Mkoloni na Dokta John, vijana wa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitoa nyimbo zilizotaja vitu kwa majina: Wauguzi, wimbo wa manung'uniko ya mgonjwa hospitalini, na Trafiki, wimbo wa askari wa barabarani na mkono wake. Wakatoa na Tanga Kunani, wakauliza mji wao umepatwa na nini. Lafudhi ya Kitanga waliiacha ilivyo, hawakuinyoosha ili Dar es Salaam iwaelewe, na Dar es Salaam ikawaelewa. Mwana FA, mtu wa Muheza, alikwenda kwa njia nyingine, ya ulimi laini na vina vilivyopigwa pasi. Alichaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Simwonei wivu. Lakini nikikutana naye nitamuuliza kuhusu kanda.

Maana kanda zipo. Maktaba ya RTD imerithiwa na TBC, na kilichomo humo ni hazina ambayo nchi nyingi hazina. Hata hivyo, mtu wa Tanga aliyetaka kununua Black Star iliyosafishwa vizuri, yenye maelezo ya nani anapiga nini, ilibidi aingojee kutoka London, ilikotoka mwaka 1989 katika albamu inayoitwa Nyota, ya Black Star na Lucky Star. Atomic na Jamhuri wakaja kutokea Paris, ndani ya mfululizo wa Zanzibara. Waliozitoa walifanya kazi ya heshima, nawashukuru na diski zao ninazo. Lakini wao nao walichagua kwa masikio yao na kwa kanda walizozikuta, na chaguo lao sasa ndilo linalorudi kwetu na kusomwa kama hukumu.

Sasa nieleze nilivyoamua kuhusu kipindi cha tarehe 19, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Saa nzima sitaijaza orodha. Nitapiga Macho Yanacheka na nitapiga Kifo cha Mahaba, na wenye kununa wanune. Nafasi nane zinazobaki naziacha wazi.

Siku mbili kabla yake tutakuwa Mkwaja na kinasa sauti, pale karibu na mnada wa samaki, kuanzia baada ya swala ya alasiri, upepo ukiwa umetulia. Kinamama na kinababa waliokuwa wakiwasikia waimbaji wa harusi za miaka ya 1960 na 1970, wa klabu au wa mtaani, waje watuimbie wanachokikumbuka. Ubeti mmoja unatosha. Kama umesahau maneno lakini mahadhi unayo, njoo na mahadhi. Yupo atakayekuja na maneno. Mwenye daftari la zamani aje nalo, tutalipiga picha palepale na kumrudishia, hatuondoki nalo. Nyimbo za unyago zisizofaa kusikiwa hadharani hatuzirekodi, kungwi atakayekuwepo ndiye atakayesema ipi ni ipi, na neno lake ni la mwisho. Kila atakayeimba tutamwandika jina lake, na la aliyemfundisha kama analikumbuka, na jina hilo litasomwa hewani kabla ya wimbo, kama lilivyosomwa la Bi Shakila.

Vijana, mtusaidie kuwaleta wazee, wengine miguu si ile. Bodaboda wawili wamekubali kuwachukua wa Buyuni bila malipo. Na kama kuna nyumba yenye pembe za vugo, hata ziwe darini zimejaa buibui, zifuteni mje nazo, kwa kuwa zile tulizoahidiwa Pangani mwenyewe kasafiri, na mlango kaufunga.